Mshipi kwa Mkono Mmoja

Mwaka 2007 nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji katika hospitali ya Bombo, iliyojengwa juu ya jabali linaloitazama ghuba ya Tanga. Kutoka madirishani tuliweza kuona meli zilizotia nanga katikati ya maji, kwa kuwa wakati ule gati halikuwa na kina cha kuzipokea na shehena ilihamishwa kwa matishari. Tuliona pia kisiwa cha Toten chenye makaburi na magofu ya misikiti ya kale, na kwa mbali Ulenge na mnara wake wa taa. Niliyajua mandhari hayo kwa macho tu. Mimi ni mtoto wa Singida niliyeletwa pwani na ndoa, na sikuwahi kupanda chombo chochote cha baharini mpaka jioni moja ya mwishoni mwa Februari mwaka huo, siku Baba Mdogo aliponichukua kwenda kuvua.

Baba Mdogo, ndugu wa mwisho wa baba mkwe wangu, alikuwa mvuvi wa mshipi tangu ujana wake. Ombi lake lilitushangaza nyumbani, maana kwa kawaida wanawake wa mtaa wetu huenda pwani kutanda dagaa au kuokota chaza maji yanapokupwa, lakini hawatoki na ngalawa. Hata hivyo alikuja usiku, akaomba ruhusa kwa mume wangu kwanza, kisha akanigeukia na kusema, “Mwanangu, kesho ukitoka zamu ya asubuhi, pumzika kidogo, kisha nikute chini Raskazone. Maji ni mafu, hayatatusumbua, na isha haitachelewa kutukuta nchi kavu.” Hakueleza zaidi, nami sikumuuliza, kwa sababu alikuwa mtu ambaye akikuita huwa na jambo.

Nilimkuta saa kumi na moja jioni ameshaweka kila kitu tayari. “Shikamoo, Baba Mdogo.” “Marahaba, mwanangu. Vua viatu, kaa katikati, na usishike mirengu.” Hiyo ni miti iliyokingama ngalawa na kushika mbao za kuelea za pembeni. Mwezi ulikuwa umefika nusu, hivyo bamvua, yaani siku za maji makubwa, ilikuwa imepita na maji yalikuwa yakijaa polepole tangu alasiri. Alinieleza, huku akipiga kafi, kwamba siku za bamvua mkondo hubeba chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, na mshipi hauwezi kusimama, lakini katika maji mafu mtu huweza kuhisi hata samaki mdogo anapoonja chambo. Kaskazi ilikuwa imeanza kulegea, ikatosha kutupoza jasho bila kuinua mawimbi. Mahali pa kutia nanga alipapata kwa alama mbili: paa la hospitali yetu lilipolingana na mvinje mmoja mrefu wa ufukweni, na ncha ya Toten ilipolingana na mti wa ng’ambo. Alishusha jiwe la nanga, kamba ikateremka pima sita, akasema chini yetu pana mwamba.

Alinipa mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kibao, akanionyesha namna ya kuupitisha juu ya kidole cha shahada, bila kuubana, na kusubiri. Chambo chetu kilikuwa vipande vya ngisi. Nilijifunza haraka kuliko nilivyotarajia, pengine kwa sababu kazi ya uuguzi huzoesha vidole kutafuta mapigo madogo. Changu hudonoa mara mbili tatu kisha huvuta. Chewa humeza kwa kishindo na papo hapo hukimbilia pangoni, na usipomwinua mara moja mshipi hukatikia mwambani. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya mji, changu walianza kula, na ndani ya kikapu tukasikia wakipigapiga mikia.

Kisha nikamvuta hongwe, kambare wa baharini. Baba Mdogo alinizuia mkono kabla sijamgusa, akamkandamiza samaki yule kwa kitambaa kinene na kunionyesha miiba yake mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, kila mmoja una meno madogo kama ya msumeno yaliyolekea nyuma, kiasi kwamba ukiingia mwilini huchana tena unapotoka. Nilimwambia kwamba wodini tumewapokea wavuvi waliochomwa na miiba ya namna hiyo, na kwamba jambo la kwanza ni kuliloweka jeraha katika maji ya moto kadiri mtu awezavyo kustahimili bila kuungua, kwa kuwa joto huipunguzia sumu nguvu. Alitikisa kichwa kukubali. Wazee wake, alisema, walifanya vivyo hivyo. Nilifurahi kwamba tulikuwa na jambo la kubadilishana, yeye na bahari yake, mimi na wodi yangu.

Ndipo ubao tuliokalia ulipogongwa kutoka chini. Sauti yenyewe ilifika baadaye kidogo, nzito na fupi, kutoka upande wa Ulenge. Sikuhitaji kuelezwa. Kule juu jabalini tulikuwa tumezisikia baruti za wanaolipua samaki mara nyingi, lakini sikuwahi kujua kwamba mlipuko wa mbali kiasi kile hupita majini na kumfikia mtu miguuni. Baba Mdogo hakusema neno. Alishika mshipi wake tu, akasubiri. Samaki waliacha kula. Tulikaa muda mrefu bila hata mguso mmoja.

Uvuvi wa baruti umekatazwa na sheria ya nchi tangu mwaka 1970, lakini katika miaka ile milipuko ilikuwa jambo la kawaida katika mwambao wa Tanga. Samaki wengi waliouawa huzama chini bila kuokotwa na yeyote, matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua hugeuka kifusi, na samaki wanaofika sokoni hutambulika kwa damu tumboni na nyama iliyoachana na mifupa. Mimi nilikuwa nikiyaona madhara ya upande mwingine, yaani ya vijana ambao utambi uliwaishia mapema. Wakati ule tulikuwa na mmoja, ambaye sitatoa habari zitakazomtambulisha, aliyekatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko, na ambaye tayari alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, akija kliniki kufungwa kidonda.

“Yule kijana,” Baba Mdogo alisema hatimaye, bila kuniangalia, “mshipi nilimfundisha mimi, alipokuwa mtoto. Baadaye wakamvuta wenye baruti, fedha yao ni ya haraka. Mama yake amekuja kwangu. Nami nataka kujua kwako, mwanangu, kama mtu wa mkono mmoja anaweza kuvua.”

Nilimjibu kwamba habari za mgonjwa si zangu kuzitoa, lakini naweza kuzungumzia mkono kwa jumla: kiwiko kikiwa kizima, kigutu hupata nguvu ya kusukuma, kubana na kubeba, ila ngozi ya mwisho hubaki nyepesi kwa miezi mingi na haifai kuzungushiwa nailoni tupu. Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo bila shaka ndilo lililomfanya aniite. “Basi tujaribu. Mimi mikono yangu imeshazoea, itanidanganya. Wewe ni mgeni wa kazi hii.”

Alinifunga mkono wa kulia kwa kanga yangu, kiganja kikiwa ndani, nami nikaanza upya. Kutia chambo kuliwezekana: nililaza kipande cha ngisi juu ya ubao, nikakikanyaga kwa kisigino, nikakipenyeza ndoana kwa mkono wa kushoto. Kutupa mshipi kulikuwa rahisi. Taabu ilikuwa katika kuvuta, kwa kuwa mkono mmoja huinua urefu wake tu, na ukiachia ili ushike tena, samaki huchukua chote ulichopata. Nilijaribu kubana kwa meno, nailoni ikanikata mdomo. Nilijaribu kubana kwa vidole vya mguu, ikateleza. Baba Mdogo alitoa kikapuni kijiti cha mkoko alichokuwa amekichonga pengo, akakifunga ukingoni mwa ngalawa. Nikivuta, niubane mshipi ndani ya pengo, kisha nivute tena. Mara ya kwanza uliponyoka. Aliuondoa mshipi, akaongeza pengo kwa kisu hukohuko majini, akilielekeza chini na nje ili uzito wa samaki wenyewe uuingize mshipi ndani zaidi badala ya kuutoa.

Giza lilikuwa limeingia, ila nusu ya mwezi ilikuwa juu ya vichwa vyetu na tuliona vya kutosha. Kulipita kitambo kabla samaki hawajarudi. Nilipohisi kudonolewa nilingoja, kikavutwa, nikainua. Nikabana, nikainua tena, na kila nilipobana pengo lilishika. Changu aliyefika juu hakuwa mkubwa, lakini Baba Mdogo alimnyanyua kwa mikono miwili na kusema “Alhamdulillahi” mara nyingi, na sauti yake ilitetemeka. Hakumtia kikapuni pamoja na wengine. Alimchoma ukuti matamvuani, akamweka kando.

Aling’oa nanga, tukarudi Raskazone tukisukumwa na upepo, na njiani alinihoji kuhusu kigutu kama mtu anayeagiza kiatu: pedi iwe nene kiasi gani, ngozi ya mbuzi itafaa au la, maji ya chumvi yatadhuru baada ya muda gani. Nilimshauri asubiri mpaka kidonda kiwe kimefunga kabisa na daktari aseme hivyo. Changu yule wa pembeni alimpelekea mama wa kijana usiku uleule.

Kijana alipokuja kliniki tena nilimweleza yote, kuanzia kisigino juu ya ngisi mpaka pengo la kijiti. Alinisikiliza akiwa ameinamisha uso. Nilipomaliza aliuliza swali moja ambalo sisi wawili hatukulifikiria ngalawani: “Dada, ndoana ikikatika, nitaifungaje nyingine?” Nililipeleka swali hilo nyumbani. Baba Mdogo alikaa barazani jioni nyingi, ncha moja ya mshipi mdomoni, mkono wa kulia mgongoni, mpaka akapata fundo la kuzungusha mara nne na kukaza kwa meno, akaja kunionyesha nami nikalifunga mbele ya kijana siku iliyofuata ya kliniki.

Walitoka pamoja kusi ilipotulia, mwezi wa Septemba. Nilikuwa zamuni, sikuwaona wakiondoka, lakini baadaye nilikwenda Raskazone kuitazama ngalawa. Kijiti cha mkoko kilikuwa kimehamishiwa nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu kijana alipendelea kukaa tezi.