Uzoefu wangu: maji, mizani ya sonara na wanafunzi wa shule za kata

Nianze na ushauri ulionipotezea mwaka mzima. Nilipopata ruhusa ya kuchukua wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye maabara yetu hapa Upanga, mkubwa mmoja kazini aliniambia, "Chukua wenye GPA za juu, wape semina, wenye nia watabaki." Nikafanya hivyohivyo. Nikachukua wanane, wote wamepitia shule za kata, karibu wote wa kwanza kufika chuo kikuu kwao. Nikaleta watoa mada wawili, chapati na soda. Makofi yakapigwa. Wiki ya nane walibaki wawili, mmoja anakaa kwa mjomba wake Upanga hapahapa, mwingine Kariakoo.

Niliamini wale sita hawana nia, na nililisema hilo hadharani. Mpaka jioni moja nikamkuta mmoja wao, binti wa Kasulu, Mbagala Rangi Tatu, kwenye kibanda cha wakala wa pesa. "Shikamoo madam," akasimama. Nikamuuliza mbona aliacha. Akasema bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilichelewa, na kutoka pale mpaka kwetu ni daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na chakula cha mchana juu yake. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyeona aibu, maana kwa wiki nane sikuwahi kumuuliza anatokea wapi.

Mwaka wa pili nauli nikaiandika kwenye bajeti ya mradi, mstari uleule wa glavu na ncha za pipeti, kile kifaa cha kuvutia na kupimia vimiminika kidogokidogo. Kama elfu nne au tano kwa siku kwa kila mmoja, na wali maharage mchana. Nikaambiwa watakuja kufuata hela. Waje tu! Msaidizi wa utafiti analipwa na hakuna anayempima nia yake kwa hilo. Binti wa Kasulu alirudi, na wenzake wanne.

Sasa kuhusu mikono. Chuoni wanafunzi kumi na tano wanagawana pipeti moja, na anayeishika ni yule mwenye ujasiri. Wengine wanaandika majibu. Vijana wangu wote watano walikuwa wa kuandika majibu. Ukimpa mtu wa namna hiyo damu ya mgonjwa, mkono unatetemeka, na ana haki ya kutetemeka: kuna mtu alichomwa sindano kwa ajili ya ile damu, na kuna kibali cha maadili kinachosema itumikeje. Maji hayana kibali. Nikatoa kabatini pipeti kuukuu ya mikrolita 1000, nikaenda Kariakoo nikanunua mizani ndogo ya sonara, elfu ishirini na kitu hivi, inayosoma mpaka gramu 0.01. Mililita moja ya maji, yaani mikrolita 1000, ina uzito wa gramu moja. Ukivuta mikrolita 500, mizani lazima iseme 0.50. Hakuna mwalimu mkweli kuliko huyo.

Siku ya kwanza namba ziliruka kama panzi: 0.46, 0.55, 0.49. Nusu saa tunatafuta kosa la mkono, kumbe ni feni ya darini inapuliza mizani. Tukaizima. Februari ya Dar, jasho linadondoka, lakini namba zikatulia. Ikafika zamu ya binti wa Kasulu: 0.59, 0.61, 0.60. Akataka kumwachia mwenzake. Nikamzuia. Nikamwambia, "Mwanangu, hizi namba hazitangitangi, zote zimezidi kwa kiasi kilekile. Kosa linalojirudia hivyo lina sababu moja. Itafute." Sababu niliijua tangu tone la kwanza, na kunyamaza kuliniuma. Alivuta, akamwaga, akavuta tena taratibu huku anakitazama kidole gumba chake. Kama dakika ishirini. Kisha akasema polepole, "Nabonyeza mpaka kituo cha pili kabla ya kuvuta." Ndiyo. Kitufe cha pipeti kina vituo viwili: cha kwanza ni cha kupimia, cha pili ni cha kusukumia nje tone la mwisho, na ukianzia cha pili unavuta maji kupita kipimo. Akarudia: 0.50, 0.50, 0.49. Akaandika daftarini tarehe, saa, na kosa lenyewe. Hapo nikajua nina mtafiti.

Baada ya maji walihamia slaidi za malaria za kufundishia, vioo vyenye damu ya kutazamwa kwa darubini. Kijana wa Nachingwea aliyakaza matone mazito kwa methanoli kama yale membamba, seli nyekundu zikagoma kupasuka na kuziba njia ya macho, asione kimelea hata kimoja. Aliandika naye daftarini.

Jambo jingine ni lugha. Kwenye mikutano ya maabara walikaa kimya, na watu wakadhani hawajaelewa. Nikaweka utaratibu: Alhamisi tunasoma makala ya Kiingereza, lakini unaieleza kwa Kiswahili kwanza, bila karatasi. Binti wa Kasulu alipewa makala ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alianza na mundu wenyewe, ule wa kukatia majani, akaeleza kwamba herufi moja tu ya DNA ikibadilika, hemoglobini inashikamana oksijeni inapopungua, na seli inajikunja kama ule mundu. Kisha akaja kwa mtafiti Anthony Allison, ambaye mwaka 1954 alionyesha kwamba wenye kurithi nusu tu, yaani kutoka kwa mzazi mmoja, wanakingwa kwa kiasi na malaria, kazi aliyoifanyia Afrika Mashariki. Akasimama akasema, "Madam, kwa hiyo hili swali lilijibiwa kwa damu ya huku kwetu?" Wiki iliyofuata aliyasema yote kwa Kiingereza mbele ya mkutano mzima, na akauliza swali ambalo mkubwa wangu hakuwa na jibu lake.

Barua za kuomba nafasi sitaziongelea sana. Wafundishe kutaja makala moja ya yule wanayemwandikia, na swali moja la kweli kuhusu makala hiyo. Sifa na unyenyekevu mwingi wafute.

Wote watano wamebaki. Baadhi wako kwenye miradi ya utafiti, binti wa Kasulu anasoma shahada ya uzamili, na Jumamosi yeye ndiye anayewasimamia wapya. Tatizo nililonalo sasa ni nafasi: mezani wanatosha wanne, na waliojiandikisha ni kumi na mmoja. Kama maabara yenu ina pipeti mlizozistaafisha, msizitupe. Nitazifuata mwenyewe.