Siku moja maishani mwangu: kuhamisha DBF za SACCO kwenda PostgreSQL

Saa 2:00 asubuhi
Flashi imefika na boda kutoka SACCO moja nje kidogo ya Kampala. Ndani: MEMBERS.DBF, MEMBERS.FPT, LOANS.DBF na rundo la CDX. DBF ni majedwali ya FoxPro, programu ya zamani ya hifadhidata; nayahamishia PostgreSQL, hifadhidata ya kisasa. Hizo CDX ni faharasa tu (za kutafutia rekodi haraka), naziacha. PostgreSQL itajijengea zake. FPT ndiyo isiyosahaulika. Maelezo marefu ya mwanachama yanakaa humo, na DBF imebeba namba ya bloku peke yake. Mteja akileta DBF bila FPT, arudi akailete. Natoa nakala, nahifadhi sha256 ya kila faili (alama ya kuhakiki kuwa haijabadilika), na flashi inaingia kwenye droo.

Saa 3:00
Kabla ya programu yoyote, xxd -l 32 MEMBERS.DBF, amri ya kuonyesha baiti 32 za mwanzo. Baiti ya kwanza ni F5: FoxPro 2 yenye memo (yale maelezo marefu ya FPT). Ingekuwa 03 ni dBase III isiyo na memo, 30 ni Visual FoxPro. Baiti ya 5 hadi ya 8 zinatoa idadi ya rekodi (zisome kinyumenyume), ya 9 na 10 urefu wa kichwa (sehemu ya mwanzo inayoeleza faili), ya 11 na 12 urefu wa rekodi. Leo: rekodi 4,821, kichwa 417, rekodi moja baiti 146. Kwa hiyo 4,821 × 146 + 417, na 1 ya alama ya mwisho, ni 704,284. Ukubwa wa faili ni huohuo, tunaendelea. Faili ikizidi hesabu, mara nyingi umeme ulikatika kabla kichwa hakijaandikwa upya, na rekodi za mwisho zipo ila hakuna anayeziona.

Saa 4:30
Jedwali la mapokezi: safu zote aina ya text, hata tarehe, hata pesa. Tarehe tupu kwenye DBF ni nafasi nane, na safu ya date itaikataa, COPY nzima (amri ya kuingiza data kwa mkupuo) ianguke. Namba iliyozidi upana wa safu yake utaikuta imeandikwa nyota tupu.

Kila rekodi huanza na baiti moja ya alama: nafasi maana yake ipo hai, nyota maana yake imefutwa lakini PACK (amri ya kuiondoa kabisa) haikufanyika. Programu nyingi huzitupa zenye nyota kimyakimya. Mimi naziingiza, na safu ya ziada “imefutwa”.

Majina: herufi ŋ ya Kiganda haimo katika cp437 wala cp850 (seti za herufi za DOS), kwa hiyo makarani waliandika ng'. Kang'ave mmoja anatosha kuvunja INSERT (amri ya SQL ya kuongeza rekodi) iliyoandikwa kwa mkono, maana alama ' hufunga maandishi kwenye SQL. COPY haina shida naye. CSV yenyewe, faili la maandishi ambalo COPY husoma, usiipitishe Excel: 0772 itatoka 772.

Saa 7:00
Rolex mbili (chapati na mayai), chai.

Saa 8:00
Kugeuza aina za data. NULLIF(btrim(tarehe), '') kwanza, ili tarehe tupu iwe NULL (hakuna thamani), to_date baadaye. Wapo wanachama “waliojiunga 1905”: SET CENTURY (mpangilio wa kuonyesha mwaka kwa tarakimu nne) ilikuwa OFF, karani akaandika 05, FoxPro ikaweka 19 mbele. Usiongeze miaka 100 kwa pupa kwenye kila safu. Mzee aliyezaliwa 1938 yupo kweli. Hisa za kabla ya Mei 1987 zilizonakiliwa kutoka vitabuni nazitenga pia, maana shilingi 100 za wakati ule zilibadilishwa kuwa 1 mpya.

Saa 10:00
Ufunguo msingi (safu ya kutambulisha kila rekodi, isiyoruhusu kujirudia) unagoma: namba 17 za uanachama zimejirudia. Faharasa ya UNIQUE kwenye FoxPro huficha rudufu tu, haizizuii. Orodha inakwenda kwa meneja. Kuamua nani abaki si kazi ya SQL.

Saa 11:30
Jumla ya mikopo isiyo na nyota dhidi ya ripoti iliyochapishwa: tofauti ni Sh 340,000. Nazijumlisha zenye nyota peke yake: 340,000 kamili. Ripoti ya zamani ilikuwa ikitolewa SET DELETED (mpangilio wa kuficha zilizofutwa) ikiwa OFF, kwa hiyo mikopo iliyofutwa ilihesabiwa. Namwandikia mhasibu, COMMIT (amri ya kuthibitisha mabadiliko) inangoja jibu lake kesho.