Masikio ya myombo uliochunwa

Tabora, Jumapili usiku, Januari

Mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Leo asubuhi nimeingia porini na mjomba, mrina asali, nikaukuta tena ule myombo uliokufa wima baada ya kuchunwa gome la kutengenezea mzinga. Oktoba nilibandua kitu cheusi kwenye shina lake, kigumu kama kipande cha ngozi kavu, nikakitupa nikidhani kimekufa. Leo wenzake wamelowa na kufunguka: masikio ya kahawia, laini kama ndewe la mtoto, mgongoni yana vinyweleo. Ni uyoga uitwao Auricularia. Hukauka bila kufa, maji yakirudi nayo yanarudi. Wachina huuita uyoga huu sikio la mti na kuutia kwenye supu.

Mjomba aliligusa moja kwa kidole gumba, akanyamaza. Mti ule aliuchuna yeye.

Kwenye nyufa za gogo lililolala pembeni kulikuwa na vijiko vidogo vya rangi ya chungwa, uyoga mwingine uitwao Dacryopinax. Hivyo nilivijua upesi.

Ulionikalisha chini ni uyoga mweupe, unaoangaza kama lasi iliyoloweshwa, Tremella. Kwenye daftari langu mwaka jana niliandika: "Tremella, hula mti." Leo nimeinama hadi pua ikakaribia gogo, nikaona ukoko mweusi, mgumu, umeuzunguka pande zote. Huo nao ni kuvu. Ndio unaouvunjavunja mti, na huu mweupe hujilisha kwa kuvu mwenzake. Mwaka mzima nilitazama uzuri wa juu tu, sikutazama umesimama juu ya nini! Nimeyafuta yale maneno.

"Huu unaliwa?" mjomba aliniuliza. Nikamwambia sijachuma wa kula. Uyoga tunaouzoea kapuni hutoka ardhini, mwingi wake umeshikana na mizizi ya miti iliyo hai. Hawa wa leo ni watu wa miti mikavu.

Nimerudi na vipande vitatu ndani ya majani. Kesho nitaviweka kwenye hadubini ya shule niwaoneshe wanafunzi wangu seli zinazobeba mbegu zao: za sikio zimekatwa kwa vikuta kama pingili za mwanzi, za mweupe zimegawanyika mara nne kama andazi lililokatwa msalaba, za vijiko zina ncha mbili kama panda la manati.

Ule mweupe umeanza kusinyaa. Nimeunyunyizia maji, nikaufunika kwa bakuli.