Nani alikupa timu? Kumbukumbu ya dodoso langu la Simba na Yanga

Wiki ya kwanza, Jumapili

Nimeanza. Swali la mradi ni moja: mtu aliipataje timu yake ya kwanza? Hapa Morogoro, ukimuuliza mtu "wewe timu gani", mara nyingi jibu ni moja kati ya mawili, na mtoto huanza kuulizwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, zote maskani yao Kariakoo. Mimi nimekulia huku chini ya milima ya Uluguru nikiwa Yanga, na sikumbuki siku niliyoamua. Nataka kujua wenzangu wanakumbuka nini.

Nimeandika dodoso la maswali manane na kutoa nakala thelathini. Moyo wake ni swali la tatu: "Kwa nini uliichagua timu hii?" Chini yake nimeacha mistari mitatu ya kujaza.

Jumatano

Swali la tatu halifanyi kazi. Nimekaa kijiweni kwenye kahawa jioni nzima, nimehoji watu kumi na wanne, na jibu lililorudi mara nyingi kuliko yote ni "nimezaliwa nayo". Waliobaki wakasema timu yao ina wachezaji wazuri, ina historia, inacheza mpira wa kuvutia.

Nimeyasoma tena usiku na nimeona tatizo. Hayo ni maelezo ya kwa nini mtu anaipenda timu leo. Aliyeichagua akiwa mtoto hakuwa na habari ya historia wala mfumo wa uchezaji. Ukimuuliza mtu mzima "kwa nini", anakutafutia sababu inayomfaa mtu mzima, na anakupa kwa nia njema kabisa.

Jumamosi

Leo nimekutana na mhojiwa aliyebadilisha mradi wote. Fundi cherehani, Simba wa kutupwa. Akaniambia alichagua Simba kwa sababu ya zile sita: Julai 19, 1977, Simba 6, Yanga 0, Kibadeni akifunga matatu peke yake. Alisimulia kama mtu aliyekuwa uwanjani. Nikaandika kila neno. Mwisho wa dodoso nikauliza mwaka wa kuzaliwa, akasema 1979.

Tukatazamana. Hakuwa anadanganya, na niliona usoni kwamba yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaipigia hesabu hiyo. Nikamuuliza, "Kaka, hizi sita ulizisikia kwa nani?" Akanyamaza kidogo, mguu ukiwa juu ya pedali. Kisha akasema baba yake alikuwa akisimulia mechi ile kila watani wa jadi walipokaribia kukutana, watoto wamekaa mkekani, na yeye ndiye aliyekuwa anapewa kazi ya kuhesabu mabao kwa vidole.

Hilo ndilo jibu langu: mkeka, sauti ya baba, vidole sita. Lilikuwepo muda wote, ila swali langu lilikuwa linalipita pembeni.

Wiki ya pili

Nimelivunja dodoso na kulijenga upya. "Kwa nini" imeondoka. Badala yake nauliza: mara ya kwanza kusikia jina la timu hii ulikuwa nyumba gani? Nani alikuwepo? Nani alifurahi ikishinda? Kuna aliyekununulia kitu chenye rangi zake? Mtu akirudishwa mahali anaanza kuona, na akianza kuona anasema mambo ambayo hakujua bado anayo.

Umri nao nimeugeuza. Watu hawakumbuki walikuwa na miaka mingapi, ila wanakumbuka darasa na mwalimu aliyewafundisha. Kwa hiyo nauliza: ulikuwa darasa la ngapi? Hili lina uzito wake. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Seth Stephens-Davidowitz, alitumia takwimu za Facebook kuangalia mashabiki wa besiboli, akaona kwamba ubingwa unaomnasa mvulana kuliko mwingine wowote ni ule timu inaoupata yeye akiwa na miaka kama minane. Kwa shule zetu hapo ni kama darasa la pili au la tatu. Sichukulii kwamba ya besiboli ni ya kwetu, lakini sasa nina kitu cha kulinganisha nacho.

Jambo jingine limenifurahisha sana. Mzee mmoja pale sokoni, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilimuuliza timu yake. Akasema, "Mimi Sunderland." Simba iliitwa Sunderland hadi 1971. Hakuna aliyemtajia jina hilo, lilitoka lenyewe, na kwa mtu wa umri wake ni dalili nzuri kwamba kumbukumbu yake ni ya kabla ya hapo. Tangu siku hiyo naandika jina kama mhojiwa anavyolitamka na silisahihishi.

Mzee huyohuyo alinirekebisha swali lingine. Nilikuwa nauliza, "Mchezaji gani ulimwona kwanza?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunasikia." Kweli kabisa. Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994. Kwa mtoto wa Morogoro wa miaka ya sitini na sabini, timu ilikuwa sauti ya mtangazaji wa Redio Tanzania na kelele za watu wazima waliolizunguka lile boksi. Sasa swali linasema "uliyemwona au kumsikia", na nimeongeza la pili: redio ilikuwa ya nani? Majibu ya hili la pili yanasema mengi. Mwenye redio mara nyingi ndiye aliyeamua nyumba nzima inashangilia nani, hata kama alikuwa jirani.

Wiki ya tatu

Wiki ngumu. Nilikuwa nahoji kwenye vibanda umiza siku za mechi kwa sababu watu wamejaa na wana hamu ya kuongea. Nilipopanga madodoso mezani nikaona karibu yote ni ya wanaume, na wote ni watu wanaolipa kiingilio kutazama mpira. Nilikuwa nauliza msikitini kama watu wanaswali.

Kosa hili lina kisa maarufu, na kimetokea mwaka uleule ilipoanzishwa Simba. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma kura za maoni kwa watu kama milioni kumi, zikarudi zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa yalitoka zaidi kwenye orodha za wenye simu na magari, na waliojisumbua kurudisha nao hawakuwa sawa na walionyamaza. Wingi wa karatasi haukusaidia kitu. Mimi mwenye karatasi zangu chache nina sababu kubwa zaidi ya kuangalia zinatoka kwa nani.

Kwa hiyo nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nimemweleza, ameniruhusu. Sasa napita kila nyumba ya tano, na ndani ya nyumba namhoji mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo iliyo karibu, hata kama yuko jikoni na hataki habari za mpira.

Faida imeonekana siku ya kwanza tu. Mama mmoja alikuwa anachambua mchele ukumbini. Akasema, "Mume wangu Simba. Watoto wote wanne nimewalea Yanga." Nikamuuliza amewalea vipi. Akasema alikuwa anawaimbia akiwaogesha, na baba alikuwa safarini muda mwingi. Nikatazama dodoso langu. Kwenye orodha ya "nani alikuvutia" niliandika baba, kaka, mjomba, rafiki, mwalimu. Mama hayumo. Kwa wiki mbili nzima nimewasomea watu orodha isiyo na mama, na mtu akisomewa orodha kwa kawaida huchagua kilichomo. Madodoso yale siwezi kuyahesabu kwa swali hilo. Nimeyafunga kwa uzi na kuyaweka kando. Orodha nimeifuta kabisa. Sasa mtu anataja mwenyewe, mimi naandika.

Wiki ya nne

Naanza kuona njia moja ambayo sikuitegemea. Kuna waliofuata mtu, hao nilikuwa nawajua. Lakini kuna waliochagua ili wawe na mtu wa kubishana naye. Kaka Simba, mdogo akaenda Yanga. Bibi Yanga, mjukuu akaenda Simba ili bibi apate wa kumtania, na bibi alifurahi zaidi kuliko angefuatwa. Hili nadhani ni letu hasa. Tunaziita timu hizi watani wa jadi, na utani hauwezi kuwa na upande mmoja. Nilikuwa nawaweka watu hawa kwenye fungu la "wengineyo". Nimewafungulia safu yao kwenye daftari na nimeiandika "kwa utani".

Bado siandiki asilimia. Hata kwa sampuli nasibu ya watu mia moja, jibu linaweza kuyumba kama pointi kumi juu au chini, na mimi sijafika hapo.

Kesho kutwa napanda basi la asubuhi kwenda Turiani. Mtibwa Sugar ya Manungu ilichukua ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Waliokuwa darasa la pili wakati ule, na bingwa yuko pale kwenye mashamba ya miwa ambako wazazi wao walikuwa wanafanya kazi, leo ni watu wazima wenye watoto wao. Nimetoa nakala arobaini za dodoso la nne. Swali la kwanza ni lile la redio.