Paka wangu wa ndani alikuwa anaboreka, kamba ya toi ikamponza, hivi ndo tulivyotoka hapo

Paka wangu anaitwa Pamba, dume, hatoki nje kabisa, nimemchukua ana miezi mitatu na sasa ana miaka minne, maisha yake yote ni humu ndani na pale dirishani. Mwaka wa kwanza sikujua kama paka naye anaboreka, nilijua ni mnyama wa kulala tu, na kweli wanalala sana, masaa 12 mpaka 16 kwa siku ni kawaida yao, ila yale masaa aliyokuwa macho ndo ilikuwa kazi. Saa kumi alfajiri yuko kichwani kwangu, nikisogeza vidole vya miguu chini ya shuka anavirukia, nikipita koridoni ametega nyuma ya mlango ananidaka kifundo cha mguu kwa meno kabisa. Nikawa namgombeza. Kumbe mtoto wa watu anawinda, na humu ndani kitu pekee kinachotembea ni mimi.

Basi nikaanza kununua toi. Panya wa manyoya, mipira yenye njuga ndani, kindege cha plastiki cha macho ya kubandika. Kila kimoja anakinusa, anakigonga mara mbili, anaondoka. Kitu kimoja tu alikipenda, ile fimbo yenye kamba na unyoya mwishoni, hiyo anairukia mpaka juu ya meza. Nikafurahi sana, nikawa namwachia sakafuni acheze mwenyewe nikiwa sipo.

Siku hiyo narudi jioni nakuta fimbo iko pale, unyoya uko pembeni, na kamba imebaki kipande kifupi kama kidole. Nikatafuta chini ya kochi, chini ya kabati, hakuna. Usiku akatapika, alfajiri akatapika tena mara mbili, chakula hataki, kajikunyata chini ya kitanda hata nikimwita hageuki. Asubuhi tuko kwa daktari wa wanyama.

Daktari kitu cha kwanza alimfungua mdomo, akasukuma kwa kidole gumba kutoka chini ya taya ili ulimi uinuke, akaangalia chini yake kwa tochi, akaniambia dada, wengi kamba inajizungusha hapa na mwenye paka haioni. Kwa Pamba haikuwepo hapo, ilikuwa imenasa tumboni, upande mwingine umeshaingia kwenye utumbo. Akanieleza utumbo unaendelea kusukuma wakati kamba haisogei, kwa hiyo unajikusanya mikunjo mikunjo kama kiuno cha suruali ukivuta kamba yake, na kamba inaweza kuukata kabisa. Akafanyiwa operesheni siku hiyohiyo. Akapona, namshukuru Mungu, ila zile siku ameshonwa tumbo ananiangalia tu siwezi kuzisahau.

Mambo mawili aliyoniambia daktari nayarudia kwa kila mwenye paka. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea kooni, ndo maana unakwaruza akikulamba, sasa uzi ukishanasa pale kuutema ni shida, anaishia kuumeza. Na la pili, ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma kwenye haja, USIUVUTE, unaweza kumchana ndani kwa ndani, usisubiri, mpeleke kwa daktari.

Nyumbani nikakaa chini na toi zote, nikavuta kila kitu kwa nguvu. Macho ya kile kindege yaling'oka kwa kucha tu. Njuga mbili zikatoka. Mkia wa panya ukabaki mkononi. Vyote nikatupa. Rababendi, uzi wa kushonea, vibanio vya nywele na riboni, hivyo sasa vinakaa kwenye boksi lenye mfuniko. Toi yoyote ya betri naangalia kama mfuniko umefungwa kwa skrubu, maana zile betri ndogo za duara zikimezwa zinaunguza. Mpira uwe mkubwa kiasi cha kutoingia wote mdomoni.

Fimbo nilinunua nyingine, ndio, kwa sababu bado ndo mchezo anaoupenda kuliko yote. Tukimaliza inaingia kabatini na mlango unafungwa, hakuna siku naruka hilo.

Kilichobadilisha mambo hasa ni kujifunza kuichezesha. Mwanzo nilikuwa namtikisia unyoya usoni, na panya gani anakuja mwenyewe mdomoni kwa paka? Sasa hivi naukokota taratibu pembeni ya ukuta, naupitisha nyuma ya mguu wa kochi, unapotea, nasubiri. Hapo ukimwangalia Pamba kifua kimelala chini, mboni zimejaa jicho zima, makalio yanatingishika kushoto kulia, halafu paa! Namwachia aukamate kweli, aung'ate, aupige mateke kwa miguu ya nyuma, ndo naanza tena. Dakika kumi hivi, asubuhi na jioni giza likianza kuingia, maana muda huo ndo damu yao inachemka, na nikimaliza tu namwekea chakula. Anakula, anajilamba, analala. Ndani ya wiki mbili ile vurugu ya saa kumi ikakata.

Leza, ile taa inayomulika kinukta ukutani, niliijaribu nikaiacha, anafukuza kile kinukta hapati kitu, mwisho anabaki anatafuta ukutani analia. Mwenye nayo asimmulike machoni, na amalizie kwa kitu anachoweza kukikamata.

Nikiwa sipo anabaki na vitu visivyo na kamba. Maboksi, kwanza maboksi! Natoboa matundu pembeni, natupia mpira ndani, anaweza kushinda humo. Mfuko wa karatasi pia lakini nakata mikono yake asije akanasa shingo, wa plastiki hapana. Ile karatasi ngumu ya katikati ya tishu ya chooni naikunja ncha mbili, natia punje chache za chakula kikavu, natoboa tundu, aihangaikie. Na toi hazikai nje zote, zinatoka tatu tu, zingine nazificha wiki nzima, zikirudi anazishangaa kama mpya.

Soksi yenye katinipu, yale majani ambayo harufu yake inawachangamsha paka, kwake imefanya kazi, ila kuna paka hawaijali kabisa, ni kurithi tu, hawana tatizo.

Na mikono yangu siyo toi tena. Akinirukia mguuni nasimama kimya, namrushia panya wake wa kitambaa aliyeshonwa mkia kwa ndani, anamfuata. Jana usiku nilipita koridoni, yuko nyuma ya mlango pale pale pa zamani, akanyanyua kichwa akaniangalia, akajinyoosha, akaendelea kulala.