Kete ya mwenzio kana kwamba ni yako

Usiku huo tulikuwa wanne kwenye baraza ya mjomba, Kibokoni, baada ya sala ya isha, tukicheza Pandemic, mchezo wa Matt Leacock uliotoka mwaka 2008, ambao wachezaji wote hushirikiana kupambana na maradhi manne yanayoenea katika miji 48. Mombasa haimo, wa jirani kwetu ni Khartoum. Kijitabu cha kanuni kilikuwa kimesahauliwa Nyali kwa mwenyewe, kwa hivyo hatukuwa na hakimu ila maneno machache yaliyochapwa kwenye kadi.

Mimi nilikuwa Mratibu wa Safari, ambaye kadi yake humruhusu kusogeza kete ya mwenziwe kana kwamba ni yake. Manila ilikuwa na vichemraba vitatu vyekundu, alama za ugonjwa; cha nne kingeleta mlipuko, yaani ugonjwa kumwagikia miji jirani, na mlipuko mmoja tu ungetimiza wa nane, yaani tumeshindwa sote. Shemeji, aliyekuwa Tabibu, alishika kadi ya Manila, ambayo hutolewa kama nauli ya kuruka hadi mji huo, akaniambia, "Nirushe kwa kadi yangu hii. Kwani kete si yangu?"

Hapo nilisita. Katika karata za turufu mpinzani angekataa papo hapo, lakini mchezo wa ushirikiano hauna upande wa pili, na kila aliyekaa mkekani ana sababu ya kulivuta neno lielekee kwenye ushindi. Nikaomba tuisahau Manila kwanza, tuisome sentensi peke yake. Kitenzi ni kusogeza, na anayesogeza ni mimi; ikiwa kete imekuwa kama yangu, basi nauli yake hutoka mkononi mwangu, si mwake, na wala sina ruhusa ya kumfanyia kazi nyingine, kama vile kutibu. Mjomba, aliyesomesha sarufi miaka mingi, alikubali. Shemeji alinuna.

Kadi yangu, hata hivyo, ina sentensi ya pili: kete yoyote yaweza kupelekwa kwenye mji wenye kete nyingine, bila kutoa kadi. Kete ya mjomba ilikuwa Hong Kong. Kwa kitendo cha kwanza nilimpeleka Tabibu huko, kwa cha pili nikamvusha hadi Manila, ambayo imeunganishwa nayo. Ugonjwa mwekundu tulikuwa tumeshaupatia dawa, na kadi ya Tabibu yasema kwamba vichemraba vya ugonjwa uliopatiwa dawa huondoka vyenyewe katika mji alipo. Haitaji zamu ya nani, wala haisemi ni kitendo. Kama tulivyokataa kuiongezea kadi yangu ruhusa, hatukuweza kuiongezea hii sharti. Mjomba akaviokota vichemraba vitatu, akavirudisha bakulini kimoja kimoja.

Kijitabu kilipoletwa Ijumaa, kilisema hayo hayo yote mawili: kadi hutoka mkononi mwa Mratibu, na Tabibu huondoa vichemraba hata katika zamu ya mwenziwe. Shemeji alikisoma mara mbili, kisha akauliza kama hakuna chapa nyingine.