Siku Karafuu Alipoachia

Juzi mwanangu karudi chuoni na suali lililomkaa kooni njia nzima. Mwalimu amewasomesha mlango wa najisi: chombo kikilambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hajavua hata mtandio, kaniuliza: "Baba, kwani babu yako si alikuwa anafuga mbwa? Mlikuwa mnaswali wapi?"

Nikamwambia mbwa wa kusakia ana hukumu yake, sawa na wa kulinda mifugo na shamba, na kwamba Bibi hakuruhusu mbwa avuke mfenesi wa uani. Akaridhika, akaenda kula. Mimi nikabaki na Karafuu kichwani mpaka usiku.

Karafuu alikuwa mbwa jike, mwembamba, rangi ya karafuu iliyokauka juani. Alilala kwenye kibanda nyuma ya jiko, na chungu chake chenye mdomo uliomeguka kilikaa pembeni, hakiguswi na mtu ila Babu. Nguo za porini za Babu zilitundikwa msumarini nje, hazikuingia ndani hata siku ya mvua. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji na kifuu cha udongo safi, na Babu aliporudi kusaka alioshwa kwa hesabu. Bibi ndiye aliyekuwa akihesabu. Kwa hiyo Karafuu hakuwahi kuiona sebule yetu, lakini sikumbuki kiumbe aliyefundishwa kwa makini zaidi pale nyumbani, nasi wajukuu tukiwemo.

Dini ndiyo iliyomfanya Babu awe mkali hivyo. Aya ya nne ya Suratul Maida inahalalisha kinachokamatwa na mnyama aliyefunzwa, na wanavyuoni wameeleza aliyefunzwa ni yupi: akitumwa aende, akiitwa asimame, akikamata asile. Babu alipenda kutusimulia hadithi ya Adi bin Hatim, sahaba aliyekuwa msasi, alivyomuuliza Mtume habari za mbwa wake. Akajibiwa kwamba ukimtuma na ukataja jina la Mwenyezi Mungu, basi kula. Lakini mbwa akila yeye, wewe usile, kwa sababu amejikamatia mwenyewe. Na ukimkuta mbwa mwengine pamoja na wako, usile vile vile, maana jina la Mungu umelitaja kwa mbwa wako tu.

Babu aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Aliwafunza mbwa kwa kipande cha ngozi ya paa kilichofungwa kamba. Mbwa akiuma, Babu anasema "Wacha!" mara moja tu, bila kupaza sauti, kisha anangoja. Hakumpiga mbwa. Alingoja hata kama jua lilimkuta pale. Mbwa aliyelamba damu bila ruhusa alivuliwa usasi, akapelekwa shambani kufukuza kima kwenye muhogo, na huko ndiko alikomalizia maisha. Katika mbwa wote niliowakuta kwa Babu, Karafuu peke yake ndiye aliyeaminiwa kutangulia.

Nafika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa kaskazi, miaka ya tisini inamalizika, na Sheria ya misitu ya Zanzibar, ile Namba 10 ya 1996, ilikuwa bado mpya masikioni mwa watu. Kabla ya hapo bwana misitu alikuja kijijini, akakaa barazani na wazee. Hakuja na vitisho. Aliwaambia kuna mnyama kwenye uwanda wao, yaani vichaka vya maweni, paa nunga, ambaye duniani kote anaonekana hapa Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, basi. Akaeleza jinsi anavyokula: anatembea mchana chini ya kima, akiokota majani, maua na matunda wanayoyaangusha. Wazee wakacheka kwa kufurahi, kwa sababu hilo walilijua tangu utotoni na hawakutegemea kulisikia kutoka kwa mtu wa ofisini. Mwisho akaomba paa nunga asiguswe, na wazee kadhaa wakampa mkono. Babu alikuwa mmoja wao.

Tulitoka baada ya alfajiri. Wenye nyavu walitangulia kutanda kwenye ujia wa wanyama, wakajificha nyuma ya vichaka vya mdaa. Wenye mbwa tulizunguka ili upepo utupige usoni. Nyinyi mnaoujua uwanda wa kusini mnajua kutembea kwake: jiwe juu ya jiwe, jiwe lenyewe lina meno, ukikosea hatua unaingia kwenye shimo. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba maji na kukaa nyuma ya Babu. Niliambiwa nisikanyage anapokanyaga mbwa.

Babu akapiga magoti, akamshika Karafuu kifuani kwa viganja viwili. Akasema "Bismillah" na kumwachia.

Kilichofuata kilikuwa kelele. Watu wanavumisha, mbwa wengine wanabweka ovyo, mtu mmoja kule mbele anapiga mayowe "Huyo! Huyo kapita!" Karafuu hakubweka. Tulisikia tu wavu ukivutika na vijiti vyake kukatika, Babu akakimbia, nami nyuma yake maji yakinimwagikia mgongoni.

Tulipofika, Karafuu alikuwa ameshamkamata. Paa amelala ubavu, shingo imenasa kwenye matundu ya wavu, na mbwa amemshika paja la nyuma. Hakuwa akitafuna wala kutikisa kichwa. Alikuwa amembana tu, masikio yameelekea nyuma, akimtafuta Babu kwa jicho moja. Mbavu za paa zilikuwa zinapanda na kushuka upesi mno hata nikashindwa kuzifuata. Alikuwa mwekundu wa hudhurungi, na kichwani, baina ya vipembe, nywele zimesimama kishungi. Babu alikuwa ameshachomoa kisu. Aliinama amgeuze kuelekea kibla, na hapo mkono wake ukasita.

Makalioni mwa yule paa palikuwa na mstari mweupe, mpana, umepita upande mpaka upande. Na miguu yake ilikuwa na madoa meupe kuanzia chini, kama aliyepita karibu na mtu anayepaka ukuta chokaa.

"Nunga," akasema Babu. Halafu, kwa sauti ile ile ya uani kwetu: "Wacha."

Karafuu akaachia.

Nataka niliseme vizuri hili, kwa sababu wengi hawajaliona. Mbwa alikuwa na damu ulimini. Alikuwa amekimbia kwenye mawe makali, unyayo wake mmoja umechanika, na mnyama aliyetumwa kumkamata alikuwa mdomoni mwake, yu hai, anatapatapa. Wenzake wawili wameshafika, wanataka kuingilia. Karafuu akafungua mdomo, akarudi nyuma hatua mbili na kukaa kitako. Mate yalikuwa yanadondoka. Hakulamba hata manyoya yaliyomganda kwenye pua. Babu akawafukuza wale wawili kwa mti, Karafuu hakuondoka alipokaa.

Mwenye wavu akatokea kichakani. Alikuwa mzee mwenzake Babu, mtu wa kijiji jirani, wamesaka pamoja tangu ujana wao. Alipoona Babu anafungua wavu badala ya kuchinja, akadhani kachanganyikiwa.

"Unafanya nini, ndugu yangu?"

"Nunga huyu."

"Namuona kuwa nunga. Bismillah umesoma?"

"Nimesoma."

"Mbwa kafunzwa, kakamata, hakula. Yu hai, kisu unacho mkononi. Haramu iko wapi? Mungu kahalalisha, wewe unaharamisha kwa sababu ya mtu aliyekuja na gari?"

Babu aliendelea kufungua. Miguu ya paa alikuwa ameibana chini ya goti lake, kwa upole, na vidole vyake vilikuwa vinatafuta nyuzi moja moja shingoni. Hakunyanyua uso.

"Sikuharamisha kitu," akasema. "Nimempa mkono yule bwana. Nimeahidi."

"Umeahidi wewe. Wavu ni wangu."

Hapo pakawa kimya, na nilielewa hata kwa umri wangu kwamba yule mzee ana haki ya kusema hivyo. Katika usasi wa pamoja mwenye wavu ana fungu lake na mwenye mbwa ana lake, na hakuna anayeamua peke yake juu ya kilichonasa. Babu akamwambia: "Tukipata mwengine leo, wote wako. Mimi sitaki hata ngozi." Kisha akautoa uzi wa mwisho, akanyanyua goti.

Paa hakukimbia mara moja. Alisimama akitetemeka, ule mguu ulioumwa ameunyanyua, akajikokota hadi ukingo wa kichaka, halafu akazama ndani.

Hatukupata mwengine. Nguruwe mwitu alipita mchana, akaupasua wavu mwengine katikati, watu wakagombana kidogo na kurudi. Njiani yule mzee alitembea mbele peke yake. Yeye na Babu waliendelea kuamkiana msikitini, na zamu ilipofika mmoja akamzika mwenzake, lakini kusaka pamoja kulikwisha siku ile. Baadaye tukasikia ameacha nyavu na anatega matanzi ya waya. Sikuwahi kumuona akitega, naandika nilivyosikia.

Nimelifikiria sana jambo hili usiku ule na siku zilizofuata. Watu huzungumza kama kwamba sheria ya Mungu na sheria ya serikali zilikutana pale mwituni zikapigana. Mimi nilikuwepo, na sikuona hivyo. Nilimuona mtu aliyetoa ahadi, akawa na njia ya kuitimiza kwa sababu mbwa wake alikuwa na masikio. Na yale masikio alikuwa ameyapata kwenye fiqhi, elimu ya hukumu za dini: Babu alimfunza kuachia ili nyama iwe halali, na mafunzo hayo hayo ndiyo yaliyomtoa paa nunga mikononi mwetu. Angekuwa tanzini, nani angemwambia waya uache? Tanzi halichagui jike lenye mimba wala mtoto, halijui nunga ni yupi, na aliyelitega huenda kalala nyumbani. Nimeshaona kwenye maweni tanzi limebaki na kiguu tu.

Ndiyo maana siridhiki na sheria zinazohesabu uwindaji wote kitu kimoja. Kenya walifunga uwindaji wa kitalii mwaka 1977, na waliofungiwa ni wenye leseni na bunduki. Waya hauna leseni. Msitu wa Arabuko-Sokoke, mmoja katika hiyo misitu michache ya paa nunga, bado matanzi yanatolewa humo. Kwetu msitu wa Jozani umekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2004, na nafurahi kwa moyo wangu wote. Kisiwani Chumbe nako walipelekwa nunga wachache wakae salama. Lakini uwanda ulio nje ya mipaka ni mkubwa, na huko mnyama anategemea kitakachomkuta kwanza: mbwa, wavu, tanzi au shoka la mkata kuni.

Mwaka huu kamati yetu ya msitu imeanza kuzungumzia kupiga marufuku mbwa wote wa kusakia katika eneo la shehia, yaani mtaa wetu unaosimamiwa na sheha. Nilihudhuria. Nikaomba nafasi, nikasimulia habari ya Karafuu, nikapendekeza kwamba mbwa waandikishwe na kila mwenye mbwa aonyeshe mbele ya kamati kuwa mbwa wake anaachia akiambiwa. Asiyeachia, asipewe kibali. Matanzi yakatazwe kila pahala, bila ya kibali chochote.

Mama mmoja wa kamati, ambaye ameutembea ule msitu kuliko mimi, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na wale mbwa wengine wawili siku ile, kama babu yako angechelewa?"

Nikakiri kuwa wangemrarua.

"Na paja la yule paa, meno yaliingia?"

Yaliingia. Nililiona jeraha kwa karibu, matundu mawili juu na mengine yamefichwa na manyoya. Jeraha la meno ya mbwa katika joto lile huoza. Sijui kama aliishi wiki. Babu naye hakujua. Alirudi pale baada ya siku chache, peke yake, na aliporudi nyumbani hakusema alichokiona wala Bibi hakumuuliza. Nilikuwa nimeshika kifuu cha udongo, namngoja aoshe mikono, akaniambia safari hii hakumgusa mbwa.

Yule mama alisema pia kuwa Karafuu alikuwa mmoja, na msasi mwenye subira ya kungoja chini ya jua mpaka mbwa aachie ni mmoja vile vile, na kanuni haiwezi kuandikwa kwa ajili ya hao wawili tu. Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani na sijapata la kulivunja. Mwezi ujao tunakaa tena. Nitaomba tuanze na waya: tutoke siku moja na vijana tuyatoe matanzi yaliyomo kwenye uwanda wetu, tuyahesabu, ndipo turudi kwenye habari ya mbwa. Kwa hilo la kwanza, yeye na mimi hatuna ugomvi.